Mahali pa kujifungulia hubadilisha uchungu wenyewe, au hubadilisha msaada tu?

Mjamzito_wiki31 (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina mimba ya kwanza, ya wiki 31, na hadi sasa haina tatizo lolote: presha yangu iko sawa, damu inatosha, mtoto ni mmoja na kichwa chake kimeelekea chini. Kinachonisumbua si mimba, ni mahali pa kujifungulia. Mume wangu anataka niende hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji na hataki kusikia habari nyingine. Mkunga anayenipima kliniki ameniambia kwamba kwa hali yangu ninaweza kujifungulia katika kitengo kinachoendeshwa na wakunga wenyewe, na kwamba huko nitakuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuzaa bila kuingiliwa ovyo. Mama yangu mzazi, ambaye alituzaa sote nyumbani, anatusikiliza tu na kucheka.

Wiki iliyopita nilikwenda kuitazama leba ya hospitali hiyo kubwa. Nilikuta kitanda kirefu chenye vishikio vya miguu, kimewekwa katikati ya chumba chini ya taa kali, huku mlango ukifunguliwa kila baada ya muda mfupi na watu ambao hawakuwa na haja yoyote na chumba hicho. Hapakuwa na kiti, wala nafasi ya kutembea. Nilisimama pale dakika tano tu, sina uchungu wowote, lakini nilihisi tumbo na mabega yangu yote yamekaza.

Ndipo likanijia swali ambalo naomba mnisaidie. Je, mahali hubadilisha namna uchungu unavyokwenda, yaani urefu wake, maumivu yake, na uwezekano wa mama kukatwa msamba, kuvutwa mtoto au kupasuliwa? Au uchungu ni uleule popote mtu alipo, na tofauti iko tu katika msaada unaopatikana mambo yakiharibika? Sitafuti mtu wa kuniamulia. Nataka kuelewa ninachochagua kabla sijakichagua.

Mkunga_wa_Zamu

Dada, hongera kwa mimba kufikia hapo salama. Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi, katika hospitali kubwa na pia katika vitengo vya wakunga, na jibu langu ni kwamba mahali hubadilisha uchungu wenyewe. Nitakueleza ninavyouona mlangoni kabla ya kwenda kwenye sababu.

Mama anafika usiku, uchungu unamshika kila baada ya dakika tatu au nne, naye kila unapomshika ananing'inia shingoni kwa aliyemsindikiza, amefumba macho, hajibu swali la mtu. Anapitishwa mapokezi kwenye mwanga mkali, anaulizwa jina, umri na namba ya kadi, anabadilishwa nguo, anapimwa njia na mtu ambaye hajawahi kumwona, kisha msindikizaji wake anaambiwa asubiri nje. Akishapanda kitandani, anatazama huku na huku, anaomba radhi kwa kutusumbua, na uchungu sasa unakuja kila baada ya dakika kumi. Katika faili huandikwa kwamba uchungu umelegea, na huenda saa mbili baadaye akawekewa dripu ya kuuongeza. Mara nyingi mji wa mimba wa mama huyo haukuwa umechoka hata kidogo. Mama alikuwa ameingiwa na hofu.

Sababu yake inaeleweka. Kinachousukuma uchungu ni homoni ya oksitosini, ambayo hutoka katika ubongo wa mama mwenyewe kwa vipindi, na kadiri kichwa cha mtoto kinavyoukandamiza mlango wa kizazi ndivyo neva zinavyopeleka habari kwenye ubongo ili homoni hiyo iongezeke. Mtu akiogopa, akisikia baridi au akihisi anatazamwa, mwili wake hutoa adrenalini, nayo adrenalini hupunguza nguvu ya mji wa mimba. Mwaka 1966 Niles Newton na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba panya waliosumbuliwa walipokuwa wakizaa walichelewa kuliko walioachwa kwa utulivu. Binadamu si panya, nakubali, lakini mkunga yeyote aliyekesha leba hatashangazwa na matokeo hayo. Ulipokaza mabega katika chumba kile, dada, hukuwa unadeka.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko mwanga na kelele, ni saa unayoingia. Kwa miongo mingi leba ziliendeshwa kwa kanuni ya kwamba njia, yaani mlango wa kizazi, lazima ifunguke sentimita moja kila saa, kanuni iliyotokana na michoro ambayo daktari Emanuel Friedman alianza kuichapisha katika miaka ya 1950. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilisema kwamba uchungu uliokolea uhesabiwe kuanzia sentimita 5, na kwamba mwendo wa chini ya sentimita moja kwa saa peke yake si sababu ya kuingilia kati, maadamu mama na mtoto wako salama. Kwa anayejifungua mara ya kwanza, uchungu uliokolea unaweza kuendelea kwa kawaida hadi saa 12. Sasa fikiria mama aliyelazwa akiwa na sentimita 2 au 3 katika wodi ambayo bado inafuata kanuni ya zamani. Kila saa inayopita anaonekana amechelewa, ilhali hajaanza. Atapasuliwa chupa, atawekewa dripu, dripu itafanya uchungu uwe mkali kuliko anavyoweza kuuhimili, ataomba dawa, na mwishowe kila mtu ataamini kwamba mwili wake ulishindwa. Mama huyohuyo angebaki nyumbani, au mahali ambapo hakuna anayemhesabia saa, pengine angefika akiwa na sentimita 6.

Kuhusu mkao nitasema kidogo tu, kwa sababu hilo linajulikana: mama anayetembea, kusimama, kupiga magoti au kukaa katika hatua ya kwanza ya uchungu, ile ya njia kufunguka, hufupisha hatua hiyo kwa takriban saa moja na dakika ishirini, kwa wastani wa majaribio yaliyokusanywa pamoja, akilinganishwa na aliyelala. Chumba ambacho kitanda kimejaa katikati kinamwambia mama alale, hata kama hakuna aliyemwamrisha.

Msomaji_wa_Takwimu

Namshukuru mama mkunga kwa maelezo yake. Mimi si mhudumu wa afya. Kazi yangu ni takwimu, na mke wangu alipokuwa mjamzito nilisoma karibu kila nilichokipata kuhusu suala hili. Kabla ya kutaja namba yoyote, naomba tuelewane juu ya mtego mmoja. Ukilinganisha waliozaa hospitali na waliozaa kwingineko, utakuta hospitali ina vifo na upasuaji mwingi zaidi, kwa kuwa wagonjwa wote hupelekwa huko, pamoja na wale walioanzia nyumbani wakakwama njiani. Kwa hiyo utafiti wa maana ni ule unaowalinganisha wanawake wenye mimba zisizo na hatari, na unaomhesabu kila mmoja mahali alipopanga kujifungulia uchungu ulipoanza, hata kama alimalizia pengine.

Utafiti mkubwa wa namna hiyo ulifanyika England na ukachapishwa mwaka 2011. Ulihusu wanawake zaidi ya 64,000 wenye mimba zisizo na hatari, katika makundi manne: waliopanga kuzalia nyumbani, waliopanga kituo cha wakunga kinachojitegemea, waliopanga kitengo cha wakunga kilicho ndani ya eneo la hospitali, na waliopanga wodi ya madaktari. Watafiti walikusanya matokeo mabaya ya mtoto katika hesabu moja, yaani kufa, kuumia ubongo, kuvuta kinyesi mapafuni, kuvunjika mfupa wa bega au mkono, na kadhalika. Kwa jumla yalikuwa 4.3 katika kila watoto 1,000. Kwa wanawake waliokwisha kuzaa, mahali hapakuleta tofauti iliyothibitika. Kwa waliokuwa wakizaa mara ya kwanza, waliopanga nyumbani walikuwa na 9.3 katika kila 1,000, na waliopanga wodi ya madaktari 5.3. Vitengo vya wakunga, vya aina zote mbili, havikuonyesha tofauti ya maana na wodi hiyo hata kwa uzazi wa kwanza.

Upande wa mama, tofauti ilikuwa kubwa. Upasuaji ulifikia asilimia 11.1 kwa waliopanga wodi ya madaktari, na asilimia 2.8 kwa waliopanga nyumbani, huku vitengo vya wakunga vikiwa katikati, karibu zaidi na nyumbani. Kumbuka kwamba wote hawa walianza wakiwa na afya njema. Sehemu ya tofauti hiyo inaweza kuwa inatokana na hulka ya wanaochagua nyumbani, kwani hawakupangiwa kwa kura. Hata hivyo yapo majaribio yaliyowapanga wanawake kwa kura kati ya wodi ya kawaida na vyumba vya hospitalini vilivyotengenezwa kama vya nyumbani. Mapitio ya majaribio 10 ya aina hiyo, yenye wanawake zaidi ya 11,000, yalionyesha kwamba waliopelekwa katika vyumba hivyo walizaa zaidi kwa njia ya kawaida, walitumia dawa za maumivu kwa uchache, na walikatwa msamba kwa uchache. Kwa hiyo dada, swali lako la kwanza linajibika: ndiyo, mahali huugusa uchungu wenyewe.

Ila kuna namba moja ambayo watu hupenda kuiruka. Katika utafiti huohuo wa England, kati ya waliokuwa wakizaa mara ya kwanza na kupanga nje ya wodi ya madaktari, asilimia 36 hadi 45 walihamishwa, ama wakati wa uchungu ama mara baada ya kuzaa. Kwa waliokwisha kuzaa ilikuwa asilimia 9 hadi 13. Mwanamke wa mimba ya kwanza anayesema "nitazalia nyumbani" anapaswa kusikia kwamba huenda karibu nusu ya wenzake walimalizia hospitali.

Tena, matokeo haya hayasafirishwi kama mzigo kutoka nchi moja hadi nyingine. Uholanzi, ambako wakunga wamesomeshwa kwa kazi hiyo na njia ya rufaa imenyooka, uchunguzi wa uzazi zaidi ya 529,000 uliochapishwa mwaka 2009 haukuona tofauti ya vifo vya watoto kati ya waliopanga nyumbani na waliopanga hospitali. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako mkunga wa nje na hospitali havikuunganishwa vizuri, uzazi wa mwaka 2012 na 2013 ulionyesha vifo vya watoto 3.9 katika kila 1,000 kwa waliopanga nje ya hospitali, dhidi ya 1.8 kwa waliopanga hospitali, ingawa upasuaji ulikuwa asilimia 5.3 dhidi ya 24.7. Nyumba ni nyumba kotekote, na kinachotofautiana ni barabara inayotoka humo, simu inayopokelewa upande wa pili, na mtu aliyeshika mkoba mlangoni.

Niongeze la pembeni, maana historia yake hunivutia. Katika miaka ya 1840 hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za uzazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Wanawake walikuwa wakilia na kuomba wasiingizwe katika ile ya kwanza, kwa kuwa mji mzima ulijua kwamba humo homa ya uzazi huua zaidi. Daktari Ignaz Semmelweis aligundua mwaka 1847 kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kuwapima wazazi bila kunawa ipasavyo. Jengo lilikuwa moja na mji mmoja. Wanawake wale hawakuwa na takwimu, lakini walikuwa wamechagua sawasawa.

Mama_wa_Wawili

Mimi ni miongoni mwa hao wa asilimia, kwa hiyo nitasema jinsi kuhamishwa kunavyokuwa, kwa sababu kabla halijanikuta nililiona kama neno la kwenye karatasi.

Mtoto wangu wa kwanza nilipanga kumzalia katika kituo cha wakunga kinachojitegemea. Saa za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Taa ilikuwa hafifu, niliegemea dirisha, mkunga alikuwa kimya pembeni akija tu kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na nilifika sentimita 8 bila kuombaomba dawa. Hapo njia ikasimama. Saa mbili zikapita, zikawa nne, mtoto alikuwa amegeuza uso upande usiofaa, na mkunga akaniambia kwa upole kwamba sasa ni wakati wa kwenda. Nililala ubavu wa kushoto ndani ya gari la wagonjwa, nikishika chuma cha machela, na kila kona gari lilipopinda nilijua uchungu mwingine unakuja. Safari ilichukua dakika 25. Mkunga wangu alikuja nami akiwa ameshika mkono wangu mmoja na kile kifaa chake cha kusikilizia mapigo kwa mkono mwingine.

Kilichoniumiza hakikuwa safari. Tulipofika, aliyetupokea hakutaka kuyasoma maandishi ya mkunga, akaanza kuniuliza upya kila kitu tangu tarehe ya hedhi ya mwisho, nami katikati ya uchungu wa sentimita 8 sikuweza hata kuitaja siku ya leo. Mkunga wangu akawa amesimama ukutani kama mgeni. Baadaye nilipata ganzi ya mgongoni, nikalala usingizi wa saa moja na nusu ambao hadi leo nashukuru kwa ajili yake, njia ikafunguka, na mtoto akavutwa kwa kifaa. Alilia papo hapo.

Watu hunitazama kana kwamba nitajuta. Sijuti. Zile saa kumi nilizokaa kwa utulivu zilikuwa zangu, na hospitali nilipoihitaji nilikwenda. Mtoto wa pili nilirudi kituo kilekile, nikajifungua baada ya saa nne, nimepiga magoti sakafuni, na jioni nilikuwa nyumbani. Ila kama ningekuwa na mimba ya kwanza leo, ningeuliza swali ambalo sikuliuliza wakati ule: mkunga wangu akinifikisha hospitali, ataruhusiwa kubaki nami, na maneno yake yatasikilizwa?

Daktari_wa_Uzazi

Nimesoma yote kwa makini, na sehemu kubwa nakubaliana nayo, ikiwa ni pamoja na yale yanayotuuma sisi wa hospitali. Mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto bila kukoma ni mfano. Kwa mama mwenye afya njema inaongeza upasuaji, na ijapokuwa inapunguza degedege za watoto wachanga kwa takriban nusu, haijaonekana kupunguza ulemavu wa ubongo unaodumu. Hata Shirika la Afya Duniani halipendekezi ifungwe kwa kila mama anayeingia. Tunaifunga kwa sababu ipo, na kwa sababu mhudumu mmoja mwenye wazazi sita hawezi kumsikiliza kila mmoja kwa zamu.

Hata hivyo sitaki dada huyu aondoke na picha ya kwamba kila dripu inatokana na papara. Kuna uchungu unaolegea kwa hofu, na kuna unaolegea kwa sababu mtoto amekaa vibaya au nyonga haimtoshi. Kuacha kuingilia huo wa pili kuna gharama yake.

Ninapofikiria mahali, nazigawa dharura katika makundi mawili. Kuna dharura za mikono na kuna dharura za chumba cha upasuaji. Bega la mtoto likikwama baada ya kichwa kutoka, hakuna muda wa kumpeleka mama popote. Anaokolewa na mtu aliye pale, anayejua kuikunja miguu ya mama hadi kwenye tumbo na kulikandamiza bega mahali panapostahili. Mtoto asipopumua, dakika yake ya kwanza ndiyo yenye thamani, na kinachohitajika ni kumkausha, kumsisimua, na mfuko wa kupumulia wenye barakoa mikononi mwa mtu aliyeuzoea. Katika dharura hizi, kituo kidogo chenye wakunga wanaojizoeza kila mwezi kinaweza kuishinda hospitali kubwa ambayo mfuko huo umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda kupumzika. Lakini kitovu kikitangulia mbele ya mtoto, au kondo likiachia kabla ya wakati, mikono haitoshi. Hapo unahitaji daktari wa upasuaji, mtaalamu wa nusu kaputi na damu, na unavihitaji upesi.

Kutokwa na damu baada ya kuzaa kuko katikati ya makundi haya, na ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi kuhusu nyumbani. Mwishoni mwa mimba damu inayopita katika mji wa mimba ni zaidi ya nusu lita kila dakika, kwa hiyo usipokaza baada ya kondo kutoka, mama anaweza kupoteza fahamu mbele ya macho yako. Sindano ya oksitosini yuniti 10 mara tu mtoto anapotoka hupunguza sana hatari hiyo, na inaweza kuchomwa popote palipo na mkunga. Lakini dawa hiyo huharibika kwa joto, inatakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ukiikuta dirishani juani ujue unachomwa maji. Damu isipokoma, ipo dawa ya kuizuia, asidi ya traneksamiki, inayofaa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kuzaa, na kadiri inavyocheleweshwa ndivyo inavyopoteza nguvu. Baada ya hapo ni damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji. Mama wa afya njema kabisa, mwenye uzazi uliokwenda vizuri kabisa, anaweza kutokwa na damu hivyo. Ndiyo maana kumpima mama kliniki na kumwita "asiye na hatari" kunapunguza hofu lakini hakuiondoi.

Wapo ambao nisingependa wawaze mahali pengine zaidi ya hospitali: aliyepasuliwa kabla, mwenye mapacha, ambaye mtoto ametanguliza matako, mwenye presha au dalili za kifafa cha mimba, mwenye kondo lililotangulia, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na ambaye uchungu umeanza kabla ya wiki 37. Wewe dada kwa sasa si mmoja wao. Lakini umebakiza wiki kadhaa, na uamuzi wa leo utazamwe upya kila unapopimwa.

Mwisho nimwambie na mumeo, kama anasoma: jina la hospitali si chumba cha upasuaji. Aulize usiku wa manane nani anakuwepo, na nani anaitwa kutoka nyumbani.

Mjamzito_wiki31

Nawashukuru nyote. Nimewasoma kwa sauti mbele ya mume wangu, naye alinyamaza kabisa tulipofika kwenye habari ya ufunguo wa kabati. Mama yangu alisema kwamba mkunga aliyemzalisha mtoto wake wa tatu alimkandamiza tumbo kwa ngumi usiku kucha ili damu ikome, jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Sasa sidhani tena kwamba alikuwa akicheka kwa kutudharau.

Nyumbani nimepaondoa, kwa kuwa hii ni mimba ya kwanza. Naomba mama mkunga anisaidie jambo moja. Kama nitaishia katika leba ile niliyoiona, kuna kinachoweza kubadilishwa, au chumba ni chumba?

Mkunga_wa_Zamu

Kinabadilika sana, dada, na vingi havihitaji ruhusa ya mkuu wa hospitali. Taa kubwa izimwe na itumike ya pembeni hadi mtoto anapokaribia. Kitanda kisukumwe ukutani, kitumike kuegemea. Mlango ufungwe na watu wabishe hodi. Mapigo ya mtoto yasikilizwe kwa vipindi, maadamu hakuna sababu ya kufunga mashine. Njia isipimwe mara kwa mara, kila saa nne inatosha mambo yakiwa sawa. Ukitaka kunywa na kula, unywe na ule.

Zaidi ya hayo yote, uwe na mtu wako. Mapitio ya majaribio 26, yenye wanawake zaidi ya 15,000, yameonyesha kwamba mama anayekuwa na mtu wa kumtia moyo muda wote huzaa kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na hupasuliwa kwa uchache. Mtu huyo hahitaji kusomea chochote. Anahitaji kutoondoka. Ukiambiwa hospitali hiyo hairuhusu msindikizaji, kwangu mimi hilo lingetosha kutafuta nyingine.

Tena usikimbilie kwenda. Kwa uzazi wa kwanza, chupa ikiwa haijapasuka, hutokwi na damu na mtoto anacheza kama kawaida, kaa kwako hadi uchungu uwe unakuja kila baada ya dakika tatu hadi tano, kila mmoja ukidumu karibu dakika nzima, na usiweze kuzungumza ukiwa umekushika, na hali hiyo iendelee kwa saa nzima. Chupa ikipasuka na maji yakawa ya kijani, au ukaona damu inachuruzika, nenda hapo hapo bila kuhesabu kitu. Na kama safari ya kufika ni ndefu, usiufuate muda wangu huu, toka mapema.

Umeuliza kuhusu leba ile, lakini hukusema kama hospitali hiyo ina kitengo cha wakunga upande wa pili wa ukuta. Baadhi ya hospitali za kiwango hicho zinacho, na wajawazito hawaambiwi.

Mjamzito_wiki31

Kipo. Tulikwenda jana mimi na mume wangu, na kweli hakuna aliyewahi kututajia. Kina vyumba vitatu, kitanda kipo pembeni, mfuko wa kupumulia wa mtoto umetundikwa ukutani mahali ambapo kila mtu anauona, na mkunga aliyetupokea alinifungulia friji ndogo ili nione kipimajoto chake kabla sijamaliza kuuliza. Msindikizaji anaruhusiwa, na ukihamishwa mkunga wako anakwenda nawe.

Mume wangu hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akatoka mlangoni mwa chumba, akatembea kwenye ujia hadi mlango wa chumba cha upasuaji, akarudi, na akaniambia ni hatua 84. Akaenda tena, mara hii akisukuma kiti cha magurudumu kitupu na huku anatazama saa.